Rizki Itokayo Katika Jani

Mkulima wa mboga katika mabonde ya Kinondoni, akiulizwa asili ya mavuno mema, aghalabu hutaja mbegu, maji na samadi ya kuku. Na jawabu lake ni la haki, illa limesahau kiungo ambacho pasipo hicho vyote vitatu havifai kitu. Sehemu kubwa ya uzito mkavu wa mmea haitoki udongoni, bali hutoka hewani, ikaumbwa ndani ya jani kwa nguvu ya jua. Kazi hiyo huitwa usanisinuru, na mtu atakaye kuzidisha chakula hana budi kuifahamu kwanza.

Jani huvuta hewa ukaa kwa vitundu visivyoonekana kwa macho matupu, mizizi hupandisha maji, na umbijani, yaani ukijani wa jani, hunasa mwanga. Zao lake ni sukari, ambayo muhogo huigeuza kuwa wanga na kuiweka akiba ardhini. Ijapokuwa tadbiri hii ndiyo iwalishayo viumbe karibu wote, ina upungufu mkubwa: katika nguvu yote ya jua iliangukiayo shamba, mimea ya namna ya muhogo, mpunga na kunde haiwezi, hata kwa hesabu ya juu kabisa, kuhifadhi zaidi ya sehemu 4.6 kwa 100, na mashambani hupata chini sana ya hapo. Sababu mojawapo ni kimeng'enya kiitwacho Rubisko, ambacho kazi yake ni kushika hewa ukaa, lakini mara kwa mara hushika oksijeni badala yake, na mmea ukalazimika kutumia nguvu nyingi kurekebisha kosa hilo. Kadiri joto linavyozidi ndivyo makosa hayo yanavyoongezeka; kwa hiyo jua kali la Januari na Februari hapa Dar es Salaam, ambalo tungelidhani ni neema tupu kwa shamba, huandamana na hasara.

Mchicha umeepukana na hasara hiyo. Jani lake likikatwa kipande chembamba na kutazamwa kwa hadubini, kila mshipa huonekana umezungukwa na duara la seli nene zenye kijani kilichokolea. Seli za nje ya duara hilo hukamata hewa ukaa kwa kimeng'enya kingine kisichodanganyika na oksijeni, huigeuza kuwa asidi, kisha huikabidhi kwa seli za ndani, ambamo Rubisko, kama kadhi aliyewekewa bawabu mlangoni, hufikiwa na mwenye haja halali peke yake. Mahindi, mtama, uwele na miwa hufanya vivyo hivyo. Na ni katika miwa ambamo Hatch na Slack, wataalamu wa Australia, waliibainisha njia hiyo mwaka 1966. Hii ni sababu moja ya mchicha, ukipata maji na samadi ya kutosha, kustawi juani na kuwa tayari kwa soko katika muda wa wiki chache.

Mimea isiyojaliwa hikima hiyo sasa inatafutiwa msaada. Tangu mwaka 2012 Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, kimeongoza jitihada ya kurekebisha usanisinuru wa mazao ya chakula, muhogo na kunde yakiwamo. Wataalamu wake walianza na tumbaku, kwa kuwa ni sahali kubadilishwa vinasaba. Jani lililopigwa na jua kali hujikinga kwa kuutupa mwanga uliozidi, na kivuli kinapolifunika huchelewa kuiacha kinga hiyo; mwaka 2016 ilitangazwa kwamba kuchelewa huko kulipofupishwa, uzito wa mimea uliongezeka kwa sehemu 14 hadi 20 kwa 100. Mwaka 2019 wakatangaza kuwa mimea iliyopewa njia fupi ya kurekebisha kosa la Rubisko ilizidi mingine kwa kiasi cha sehemu 40 kwa 100. Matokeo haya ni ya tumbaku, wala hayajawa dhamana ya muhogo wetu.

Lakini liko jambo lisilongoja. Batobato la muhogo, lililoripotiwa kutoka Usambara tangu mwaka 1894, huyakunja majani na kuyatia mabaka ya manjano; na kila baka ni mahali palipopungukiwa umbijani, yaani kazi iliyosimama na wanga usiofika mzizini. Virusi vyake huenezwa na inzi weupe na kwa pingili zilizokatwa katika shina gonjwa. Katika Kinondoni hii hii, kituo cha utafiti wa kilimo cha Mikocheni kimeshughulika na maradhi ya virusi vya muhogo, na ilimu hiyo ni msaada wa usanisinuru sawasawa na ile ya Illinois, maana hakuna faida ya kulipa jani ufundi mpya ikiwa lile lililopo limeachwa kuharibika.

Basi apandaye muhogo nyuma ya nyumba yake, Tegeta au Bunju, na achague pingili za shina lililokuwa na majani safi, ang'oe mapema mche wenye mabaka, na achumapo kisamvu asiuvue mmea majani yake yote. Kwani kila jani changa lililo zima ni deni ambalo mzizi utalilipa, na mpishi anayelimaliza leo amepunguza chakula chake cha msimu ujao.