CAN ya bamama: Zambia alipita, sisi tukabaki. Juu ya nini?

Siku ya posho, tarehe 12 ya mwezi wa saba 2025, ekipi mbili za inchi za shaba zilikutana kule Mohammedia, inchini Moroko. Upande mumoja Léopards Dames wa kwetu, upande mwingine Zambia. Sisi wa huku tunamujua huyu jirani vizuri. Pale Kasumbalesa mutu anavuka mupaka kwa miguu tu, na ng'ambo anakuta migodi sawa vile ya kwetu: Chililabombwe, Chingola, Kitwe. Wengi wetu tuko na ndugu kule.

Mechi ilikwisha 1-0, goli la Barbra Banda. Zambia akaenda robo fainali. Sisi tukarudi nyumbani: mechi tatu, pointi sifuri.

Kisha maneno yakawa mengi. Kuna wenye kusema mupira haiko kazi ya bamama. Kuna wenye kusema ni bahati mbaya, tuliangukia kundi ya nguvu. Na kuna wazazi wenye binti anayecheza kwenye kiwanja cha kartié, ambao sasa wanajiuliza kama wamukataze. Ni juu ya hao wazazi tunaandika. Ukichukua hesabu ya Kundi A mukononi na kuisoma polepole, inasema jambo lingine kabisa. Zambia hakutupita juu ya damu wala juu ya dawa. Alitupita juu amekuwa anarudi kwenye masomo kila mwaka, na sisi tulikosa kiti darasani kwa myaka 12.

Namna kundi inahesabiwa

Tuanze na hesabu, maana si kila mutu nyumbani anaifuata. CAN hii ilikuwa na ekipi 12, makundi matatu, kila kundi ekipi ine. Kila ekipi inacheza mechi tatu. Kushinda ni pointi 3, sare ni pointi 1, kupigwa ni bure. Wawili wa kwanza wa kila kundi wanapita. Wanakuwa sita. Ili wafike munane, wanaongezwa wa tatu wawili, wale wazuri kupita wa tatu wengine.

Sasa, kama ekipi mbili ziko na pointi sawa? Muchimbaji anaelewa hii upesi kuliko mutu wa ofisi. Watu wawili wanafika kwenye depo, kila mutu na mifuko saba. Kwa macho ni sawa. Lakini muuzaji halipwi mifuko tu. Wanapima shaba ni ngapi ndani ya mawe. Katika mupira, pointi ni mifuko, na goli ni shaba iliyo ndani. Moroko na Zambia walimaliza wote na pointi 7. Wao kwa wao walitoka sare 2-2, basi ikapimwa goli. Moroko alifunga 7 akafungwa 4, Zambia alifunga 6 akafungwa 4. Moroko akawa wa kwanza kwa goli moja tu.

Ndiyo maana katika kundi hakuna goli la bure. Kama umekwisha kupigwa 2-0 na dakika tano zimebaki, usiseme "basi, imekwisha." Goli la tatu na la ine linaandikwa kwenye deni yako, na deni hiyo utatembea nayo mpaka mechi ya mwisho.

Mechi tatu za kwetu

Siku ya yenga, tarehe 6, tulianza na Senegali. Tulipigwa 4-0. Nguenar Ndiaye alifunga mbili, Mama Diop akafunga mbili. Hii ndiyo mechi iliyotuua, kupita zile zingine mbili. Kwa nini? Katika kundi lile, Moroko alikuwa nyumbani, na katika CAN ya 2022 alifika fainali. Zambia alikuwa wa tatu ya CAN ile ya 2022. Mutu ambaye tungeweza kushindana naye kwa nafasi ya tatu ni Senegali. Kumupiga Senegali, ao hata kutoka naye sare, ilikuwa mulango wetu.

Tazama vile Senegali alifanya na ushindi ule. Alipigwa na Zambia 3-2, akapigwa na Moroko 1-0. Katika mechi tatu alishinda moja tu, ile ya kwetu. Na pointi 3 zile, na goli ine zile, zilitosha kumupeleka robo fainali kama wa tatu muzuri.

Siku ya tatu, tarehe 9, Moroko. Tulipigwa 4-2. Ghizlane Chebbak peke yake alifunga tatu. Lakini hapa ekipi yetu ilionyesha ina meno: goli mbili mbele ya wenye inchi, moja ya Merveille Kanjinga, binti aliyepitia TP Mazembe hapa Lubumbashi na sasa anacheza PSG, Ufaransa.

Tukafika kwa Zambia na mikono mitupu. Hata kushinda kungetufikisha pointi 3 tu, sawa na Senegali, na Senegali alikuwa amekwisha kutupiga 4-0. Hata vile, Léopards hawakulala. Zambia, aliyekuwa amefunga goli tano katika mechi zake mbili za kwanza, alipata moja tu kwetu.

Jumla: tulifunga 2, tukafungwa 9. Goli munane kati ya zile tisa zilituingia katika mechi mbili za kwanza.

Jirani alilipa minervali mbele

Sasa tumutazame vizuri jirani. Watu wanamuona Barbra Banda leo, anacheza Marekani kwa Orlando Pride. Wanamuona Rachael Kundananji, ambaye Bay FC, pia ya Marekani, ilimununua mwanzo wa 2024 kwa bei ambayo muchezaji mwanamuke hakuna alikuwa amefikia mbele. Wanamuona Zambia anafunga Moroko, kwao Moroko, kabla dakika ya kwanza haijakwisha. Na wanasema: wale wako na kipaji, sisi hapana.

Ni bongo. Wamesahau Zambia ametoka wapi.

Katika Michezo ya Olimpiki ya Tokyo, iliyochezwa 2021, mechi ya kwanza ya Zambia ilikuwa na Uholanzi. Alipigwa 10-3. Goli kumi! Mechi ya pili akatoka sare 4-4 na China. Ya tatu akapigwa 1-0 na Brazili. Kumi, kisha ine, kisha moja. Alitoka kwenye kundi na pointi 1.

Kombe la Dunia la 2023, mara yake ya kwanza: Japani akamupiga 5-0, Hispania akamupiga 5-0. Mutu mwingine angefunga mizigo. Mechi ya tatu Zambia akamupiga Costa Rica 3-1, na katika mechi ile Banda akafunga goli la 1000 katika historia ya Kombe la Dunia la wanawake.

Michezo ya Olimpiki ya Paris, 2024: akapigwa 3-0 na Marekani, 6-5 na Australia, 4-1 na Ujerumani. Mechi tatu, pointi sifuri. Soma tena: pointi sifuri, sawa vile sisi, mwaka mumoja tu mbele ya CAN hii.

Hakuna aliyesema kule Zambia wafunge ekipi ya bamama. Walirudi nyumbani, wakafanya kazi, wakaja Moroko na kutoka kwenye kundi bila kupigwa hata mara moja. Kweli, robo fainali Nijeria akawafunga 5-0. Masomo yao haijakwisha. Lakini wako darasani. Hesabu mwenyewe: CAN 2018, Tokyo, CAN 2022, Kombe la Dunia 2023, Paris. Makundi matano katika myaka sita, mbele ya kufika kwenye Kundi A pamoja na sisi.

Na sisi?

Sisi tulianza muzuri kuliko yeye. Mwaka wa 1998, kule Nijeria, ekipi ya Congo ilikuwa ya tatu Afrika. Afrika ilikuwa na nafasi mbili kwa Kombe la Dunia la 1999. Nijeria na Ghana wakaenda. Tulibakia hatua moja tu.

Kisha ikawa kimya. Tulirudi CAN 2006, tukaishia kwenye kundi. Tulirudi 2012, tukaishia tena kwenye kundi. Halafu hakuna kitu mpaka hii ya 2025. Mutoto aliyezaliwa mwaka ule wa 2012 leo ni kijana wa sekondari. Wachezaji waliojifunza kitu mwaka ule, walikwisha kuacha mupira bila kupata nafasi ya kukitumia ao kuwafundisha wadogo wao uwanjani. Kila mara tunarudi, tunarudi kama wapya. Kila mara tunalipa minervali ya mwaka wa kwanza, na mwaka wa pili hatuufiki.

Muchimbaji anajua hii. Ukichimba shimo mwezi mumoja, ukaiacha mpaka maji inajaa na udongo unaanguka, siku ya kurudi hauendelei pale uliachia. Unaanza kutoa maji.

Mufano uko hapa nyumbani

Mutu atasema: sawa, lakini Zambia ni Zambia. Basi tusivuke mupaka. Tubaki hapa Lubumbashi.

Bamama wa TP Mazembe walienda kwenye Ligi ya mabingwa ya Afrika 2022, kule Moroko. Waliishia kwenye kundi. Mwaka wa 2024 walirudi kulekule Moroko. Katika kundi walipigwa na AS FAR, ekipi ya wenye inchi. Lakini walihesabu vizuri, wakapita wakiwa wa pili, wakafika fainali, na katika fainali wakamukuta nani? AS FAR yuleyule. Tarehe 23 ya mwezi wa kumi na moja, kule El Jadida, Marlène Yav Kasaj akafunga penalti, 1-0, na kombe ikaja Lubumbashi.

Kutoka kombe ile mpaka sifuri ya Kundi A ni miezi munane tu. Damu ni ileile, inchi ni ileile, na hata wachezaji wengine ni walewale. Mumoja anarudi, anakumbuka namna alipigwa, anatengeneza. Mwingine anakuja mara moja kwa myaka kumi na mbili na anaombewa miujiza.

Kwa baba na mama

Sasa turudi kwa yule binti wa kartié. Mama anamuona anarudi jioni na mavumbi mpaka magoti, na masomo ya kesho bado. Baba ametoka posti ya usiku, amechoka, amesikia redio inasema sifuri. Ni nyepesi kusema: "Acha hii mambo, haina faida."

Hatusemi kila binti atafika PSG. Hiyo itakuwa kuwadanganya. Wengi hawatafika, sawa vile kijana wengi wanaocheza hawatafika. Masomo ikae mbele, na saa ya kurudi nyumbani iheshimiwe. Lakini usimukatalie juu ya sifuri ya Kundi A. Zambia ya Paris ilikuwa na sifuri. Mazembe ya 2022 ilitoka kwenye kundi.

Kinachomufaa binti huyu ni kidogo na ni kigumu: mechi ya kila juma, si mechi ya sikukuu tu. Mutu mukubwa wa kumufundisha, anayejulikana na wazazi. Viatu vya miguu yake, si vya kaka yake. Na ekipi ya taifa inayocheza mechi za maana kila mwaka, kusudi siku akiitwa, asikute watu wote ni wapya kama yeye.

Siku Léopards Dames watarudi kwenye kundi ingine, sisi nyumbani tutazame kwa macho ya muhesabu. Mechi ya kwanza: tumefungwa ngapi, na ni nani aliyetufunga, mukubwa wa kundi ao mwenzetu wa kushindania nafasi ya tatu? Mechi ya pili: deni inapungua ao inaongezeka? Mechi ya tatu: tunaweza kupita kwa sare, ao tunahitaji kushinda? Na swali la mwisho, lenye kupita yote: ni wachezaji wangapi kati yao walikuwako Mohammedia ile siku ya posho, na wanakumbuka?