Neno Geni, Kitu cha Nyumbani

Msafiri wa Reli ya Kati atokaye Dodoma kwenda Manyoni, akishapita Kintinku, hupandishwa na gari-moshi ukuta wa Bonde la Ufa kuelekea Saranda. Mtoto wa Kintinku anaujua ukuta huo tangu utotoni. Lakini afikapo sekondari, ambako masomo hufundishwa kwa Kiingereza baada ya miaka ya msingi kwa Kiswahili, hukutana na neno "escarpment", akalikariri kama kitu cha ng'ambo. Huweza hata kukosa alama kwa kitu akionacho kila asubuhi.

Ndugu zetu wa Visiwani nao wanalo lao. "Monsoon" ni pepo zilezile za kaskazi na kusi, na asili yake ni neno la Kiarabu mawsim, ambalo sisi limetupatia "msimu". Nani atalisahau akishaelezwa hivyo?

Hatusemi kwamba maneno magumu ndiyo elimu, wala hatukitukuzi Kiingereza juu ya lugha yetu. Tunasema neno lisilofungamana na kitu ni mzigo. Kamusi ya Kiingereza-Kiswahili ya TUKI ilitolewa mwaka 1996, lakini kamusi iliyofungiwa kabatini haimfai mtu. Tunawaomba wakuu wa elimu, Bara na Visiwani, wahakikishe kila darasa lina kamusi, na walimu wawatoe wanafunzi nje wakayaone maneno kwa macho. Haba na haba hujaza kibaba: neno moja kwa siku ni zaidi ya 300 kwa mwaka.