KUZUNGUMZA NA WATOTO JUU YA HIFADHI YA MIILI YAO

Wazazi, walezi, walimu wa skuli na wa vyuo vya Kurani wanakumbushwa kuwa mtoto hulindwa kwanza kwa kuelezwa. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 ulionyesha kuwa Zanzibar, miongoni mwa vijana waliohojiwa, asilimia 6 ya wanawake na asilimia 9 ya wanaume walidhalilishwa kingono kabla ya kutimia miaka 18. Wanaodhani kuwa jambo hili ni la watoto wa kike pekee hawana budi kulifikiri upya.

Mazungumzo haya si mageni katika nyumba za Visiwani. Mtoto hufunzwa kujitwahirisha na kujisitiri tangu mdogo, na afikapo miaka 10 hutenganishwa malalo na nduguze. Mama anapomkosha anaweza kumwambia papo hapo kuwa utupu wake haushikwi ila na anayemsafisha, au daktari mbele ya mzazi. Viungo vitajwe kwa majina ya heshima yanayoeleweka, kwani mtoto asiye na neno hana la kushitakia.

Ugumu uko kwenye adabu. Mtoto hufunzwa kuitikia kila aitwapo, kupokea apewacho, na kutomkatalia ami wala mjomba. Mdhalilishaji aghalabu ni mtu anayejulikana na mtoto, na adabu hiyo ndiyo anayoitumia. Basi mtoto aelezwe wazi: shikamoo atatoa, dukani atatumwa, lakini mwili wake ana haki ya kumkatalia yeyote, na siri ya utupu haiwekwi hata akiapishwa.

Mtoto akisema, asikaripiwe wala asihojiwe mara kwa mara. Asikoshwe, na nguo zake zisifuliwe, kwani ni ushahidi. Apelekwe siku hiyo hiyo katika kituo cha Mkono kwa Mkono, kama kile kilichofunguliwa mwaka 2011 katika Hospitali ya Mnazi Mmoja, ambako tiba, polisi na ushauri hupatikana pahala pamoja. Dawa ya kukinga virusi vya UKIMWI hufaa ikianzwa ndani ya saa 72.

Mashauri mengi huharibika barazani. Wazee wa pande mbili hukutana, hutolewa fedha au ahadi ya ndoa, na kwa kuoneana muhali jambo hufunikwa, huku mtoto akiendelea kupishana na mtu huyo kila siku njiani. Makubaliano hayo hayafuti kosa la jinai. Sheha anayeletewa suluhu ya namna hiyo aikatae, na habari aifikishe Polisi, kwenye Dawati la Jinsia na Watoto.