Ukipokelewa katika nyumba ya watu Mumosho: mambo ya kutazamia

Wengi wenu mlilala katika nyumba isiyo yenu, au mliwafungulia wageni mlango, vita ilipofika Bukavu Februari 2025. Wengine walikwisha kuyaonja hayo Mei 2021, Nyiragongo ilipolipuka na watu wa Goma wakakimbilia Sake, Minova na hata Bukavu. Kwetu watu waliohama hawaishi sana katika kambi. Sehemu kubwa wanaingia kwa watu: kwa ndugu, kwa mshirika wa kanisa, pengine kwa mtu asiyewajua kabisa. Ndizo familia za mapokezi. Maneno haya ni kwa yule anayefika Mumosho na watoto na bidoni moja, na kwa yule anayempokea pia.

Siku za kwanza ni nzuri, nazo hudanganya. Utapewa kitanda, na watoto wa nyumba watahamia mkeka wa saloni. Utaletewa bugali na maharagwe au sombe, siku moja hata sambaza. Ukitaka kuchota maji utaambiwa ukae, pumzika. Usiku ni giza: bwawa la Ruzizi ya Pili liko hapa hapa na umeme wake unagawiwa nchi tatu, lakini nyumba nyingi za wakulima zinawasha tochi. Jifunze neno koko, ndiyo asante kwa Mashi. Litakufungulia mengi.

Jambo gumu linakuja baadaye. Mama wa Sarepta alimwambia Eliya waziwazi unga umebaki kiasi gani (1 Wafalme 17). Mama wa Mumosho hatakuambia. Kwake ni haya mgeni kujua kwamba chakula kimekwisha. Afadhali akakope kwa jirani. Basi uangalie wewe mwenyewe. Kama bugali ya mahindi na mihogo imekuwa ya mihogo mitupu, kama chakula cha mchana kimepotea, kama mama anasema kila siku kwamba yeye amekwisha kula, ujue hali ilivyo. Usingoje kuambiwa.

Wazee walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu umpe jembe. Didake, kitabu kidogo cha Wakristo wa mwanzo, kinafanana na wazee hao: mpita njia akae siku mbili au tatu, lakini anayetaka kubaki na ana ufundi, afanye kazi apate kula. Jembe si tusi. Mtu aliyepoteza nyumba na shamba akishika jembe, anaanza tena kujiona mtu.

Kwa hiyo, juma la pili lisipite bila mazungumzo. Baba na mama wa nyumba, wageni, na shemasi mmoja awe shahidi. Tutapika chungu kimoja au viwili? Makala na sabuni ni juu ya nani? Nani analala wapi? Kuna kipande cha shamba mgeni anaweza kulima? Na msaada ukija?

Hilo la msaada limevunja nyumba nyingi. Mashirika yanaandika jina la aliyehama, anapata pesa au vyombo, na mara nyingi mwenyeji aliyemlisha miezi mitatu hapati kitu. Mgeni akificha, watoto watasema tu. Ukipokea, mwonyeshe mama wa nyumba siku ile ile, na mgawane kama mlivyopatana mbele ya shemasi. Nanyi viongozi wa kanisa mnaoitwa kusaidia kuandika majina, semeni kwa sauti kwamba familia za mapokezi nazo ziandikwe.

Kuna jambo ambalo makanisa yetu yanalinong'ona tu. Msichana aliyepokelewa hana mlango wa kufunga, na anaogopa kukataa anapotumwa kuni mbali au anapoitwa usiku. Mwenyeji anaweza kuwa mzee wa kanisa na bado akawa hatari. Mchungaji asiende peke yake kutembelea. Aende na mama wawili, na mama hao waongee na wasichana pembeni. Kama ubaya umekwisha kutokea, apelekwe haraka Hospitali ya Panzi, kusini mwa Bukavu, kabla ya saa 72 kupita, kwa sababu dawa ya kuzuia ukimwi baada ya hapo haifai tena. Mambo ya kupatanisha familia hayawezi kutangulia hospitali.

Kuhusu maombi ya jioni: mgeni ataitwa, na ni vizuri aketi pamoja na wengine. Lakini kama ni Mkatoliki, Mwadventista au Mwislamu, usimhesabie bugali kwa idadi ya nyimbo alizoimba.

Na wakati wa kurudi ukifika, usiondoke alfajiri kimya kwa sababu ya haya. Lipa deni la chumvi dukani, maana limeandikwa kwa jina la mwenyeji. Waage majirani. Kama ulipanda maharagwe na bado hayajakomaa, onyesha mama mpaka wa kipande chako, umwachie ayavune.