Pumzi, Magoti na Himma ya Binti Mchezaji

Mwezi wa Oktoba 2022, kule India, timu ya wasichana wa Tanzania walio chini ya umri wa miaka 17 ilifungwa na Japani mabao 4 bila jibu katika mchezo wake wa kwanza kabisa wa Kombe la Dunia; na ilhali wengi walikwisha kuikatia tamaa, siku tatu baadaye mabinti wale wale waliwafunga Wafaransa 2 kwa 1, kisha wakatoka sare na Kanada, wakaingia robo fainali.

Barazani watu walisema wana moyo. Wanao, naam, ila moyo haumalizi dakika 90 ikiwa mapafu na mapaja hayakutayarishwa, na hapo ndipo walimu wetu wengi hukosea, kwani humzungusha uwanja binti aliyechelewa, pengine kwa kuwa alikuwa akichota maji kwao, hata kukimbia kukawa adhabu, na raghba yake ikapungua siku baada ya siku. Mchezo wa wanne kwa wanne katika kiwanja kidogo humpa pumzi ile ile, naye akicheka.

Jambo la magoti lataka makini zaidi. Baada ya kubaleghe, wasichana hukatika kano ya ndani ya goti mara nyingi kuliko wavulana, na aghalabu pasipo kuguswa na mtu, wanapotua au kugeuka ghafula. Huko Norway wataalamu walifuatilia wachezaji 1,892 wa miaka 13 hadi 17, na katika matokeo waliyoyatoa mwaka 2008, wale waliopasha mwili kwa utaratibu maalumu wa kukimbia, kujiimarisha, kusimama kwa mguu mmoja na kuruka, waliumia pungufu kwa takriban theluthi. Mwalimu hodari huchutama mchangani akatazama: binti akitua, je, magoti yafuata vidole vya miguu, au yakimbiliana?

Tena asiharakishe kumwita mvivu anayechoka upesi. Huenda hedhi imempunguzia madini ya chuma, na dawa yake ianzie kwenye dagaa na maharage, na zahanati ikibidi. Amwandikie daftarini muda wake wa mbio za mita 20, amsomee mwezi ujao. Binti aonaye amepiga hatua hangoji kusukumwa.

Mazoezi yale ya Norway huchukua dakika 20 hivi, nayo hayahitaji mashine yoyote.