Simiyu: Mkoa Mmoja, Mabonde Mawili ya Maji

Mvua inayonyesha katika Mkoa wa Simiyu ina njia mbili za kuondokea. Ile ya Bariadi na Itilima huingia katika Mto Simiyu na matawi yake, likiwamo la Duma, kisha hushuka magharibi hadi Ghuba ya Speke katika Ziwa Victoria. Ile ya kusini mwa Meatu hufuata Mto Semu hadi Mto Sibiti, na mwisho wake ni Ziwa Eyasi. Maji ya njia ya kwanza yanaweza kufika Bahari ya Mediterania. Ya njia ya pili hayafiki bahari yoyote. Anayeelewa mgawanyiko huo ameshaelewa sehemu kubwa ya jiografia ya mkoa: udongo wake, mazao yake, malisho yake na shida yake ya maji.

Simiyu ni miongoni mwa mikoa minne iliyoanzishwa rasmi Machi 2012, pamoja na Geita, Katavi na Njombe. Makao makuu yake ni Bariadi. Bariadi, Maswa na Meatu zilitoka Mkoa wa Shinyanga. Itilima ilimegwa kutoka Bariadi, na Busega kutoka Magu, Mkoa wa Mwanza. Kati ya wilaya hizo tano, Busega peke yake ndiyo yenye ufukwe wa Ziwa Victoria. Mkoa umepakana na Mara upande wa kaskazini, Arusha mashariki, Singida kusini-mashariki, Shinyanga kusini na Mwanza magharibi. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 2,140,497.

Njia ya kwanza: kuelekea Mto Nile

Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Eneo lake ni kilomita za mraba zipatazo 68,800, hivyo ndilo kubwa kuliko yote Afrika, na kwa maziwa ya maji baridi duniani ni la pili kwa eneo baada ya Ziwa Superior la Amerika ya Kaskazini. Hata hivyo halina kina kirefu: sehemu yake ya chini kabisa ni kama mita 80 tu, wakati Ziwa Tanganyika linazidi mita 1,400. Sababu ni namna yalivyoumbika. Tanganyika lilijaza ufa mrefu wa Bonde la Ufa, ilhali Victoria lilijaza bonde pana lililobonyea katikati ya matawi mawili ya Bonde la Ufa.

Kosa la kawaida ni kudhani kwamba mito ndiyo inayolijaza ziwa hili. Takriban asilimia 80 ya maji yake hutokana na mvua inayolinyeshea moja kwa moja. Mito yote kwa pamoja, Kagera na Simiyu ikiwamo, huchangia iliyobaki. Katika kupoteza maji hali ni hiyohiyo. Sehemu kubwa huwa mvuke, na kiasi kama moja ya tano hutoka kwa mlango mmoja tu, Jinja nchini Uganda, na kuanza safari ya Nile. Maji hayo hupita Ziwa Kyoga, Ziwa Albert na vinamasi vya Sudan Kusini, huungana na Nile ya Buluu mjini Khartoum, kisha huvuka jangwa la Misri hadi baharini.

Njia ya pili: ziwa lisilo na mlango

Ziwa Eyasi limo ndani ya Bonde la Ufa, chini ya ukingo mrefu wa mawe, kusini-magharibi mwa nyanda za juu za Ngorongoro. Mto Sibiti hulifikia ukitokea Ziwa Kitangiri. Maji huingia lakini hayana pa kutokea isipokuwa kwa kugeuka mvuke. Jua huchukua maji na kuacha madini yaliyoyeyuka ndani yake, ndiyo maana maziwa ya namna hii huwa ya chumvi au magadi. Kina cha Eyasi hubadilika sana kwa misimu: mwaka wa mvua nyingi hutanda, na mwaka wa ukame sehemu kubwa hubaki tambarare nyeupe.

Tanzania imegawanywa katika mabonde tisa ya maji kwa ajili ya usimamizi: Pangani, Wami/Ruvu, Rufiji, Ruvuma na Pwani ya Kusini, Ziwa Nyasa, Bonde la Kati, Ziwa Rukwa, Ziwa Tanganyika na Ziwa Victoria. Simiyu imo katika mawili kati ya hayo: Ziwa Victoria, ambalo ofisi yake kuu iko Mwanza, na Bonde la Kati, ambalo ofisi yake kuu iko Singida.

Udongo hufuata mteremko

Chini ya mkoa huu kuna miamba ya kale ya matale, yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Mawe makubwa yanayoonekana yamerundikana juu ya vilima ni mabaki ya miamba hiyo, ambayo mvua na jua vimeimomonyoa kwa muda mrefu. Kutoka Bariadi hadi Kimali wilayani Meatu, anayeshuka kutoka kilimani hadi bondeni hukutana na udongo unaobadilika kwa mpangilio ule ule. Karibu na mawe kuna changarawe. Chini yake huja luseni, udongo wa kichanga unaolimika kwa urahisi na kupendwa kwa matuta ya viazi vitamu. Kisha huja itogolo, udongo mgumu usiopenyeza maji vizuri. Bondeni kabisa ndiko uliko udongo mweusi wa mbuga.

Wakulima wa Kisukuma walikuwa na majina ya udongo huo wote kabla wataalamu hawajaupima. Mwaka 1935 Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo katika kituo cha utafiti cha Amani, Tanga, alitumia jina la katena kueleza mfuatano wa udongo kwenye mteremko, baada ya kuuchunguza Afrika Mashariki. Leo neno hilo linafundishwa vyuoni duniani kote.

Udongo wa mbuga una tabia ya pekee. Chembe zake za mfinyanzi hunyonya maji na kuvimba, na zikikauka husinyaa. Ukilowa, donge lake huweza kuviringishwa kiganjani likawa uzi mrefu usiokatika, wakati luseni humeguka papo hapo. Masika hukwamisha magari. Kiangazi hupasuka nyufa ambamo mguu wa ng'ombe unaweza kutumbukia. Kwa kuwa hushika maji muda mrefu, ndio unaofaa majaruba ya mpunga, na pamba nayo huustahimili kutokana na mzizi wake mkuu unaozama chini. Simiyu huongoza miongoni mwa mikoa inayolima pamba katika kanda ya magharibi, ambayo hutoa zaidi ya asilimia 90 ya pamba yote ya Tanzania.

Mto wa msimu na malisho ya akiba

Mvua za Simiyu huanza Oktoba au Novemba na kuishia Mei, na aghalabu hupungua kidogo katikati, Januari au Februari. Kadiri mtu anavyoliacha ziwa na kuelekea Meatu ndivyo mvua inavyopungua. Kiangazi Mto Simiyu hukatika, lakini maji hayaishi: yamo ndani ya mchanga. Watu huchimba kwenye kitanda cha mto na kuyapata. Jua hukausha tabaka la juu tu, na mchanga huo mkavu huyafunika maji yaliyo chini yasigeuke mvuke.

Malisho nayo huwekewa akiba. Ngitili ni eneo ambalo kaya au kijiji hulifunga wakati wa mvua ili majani yakue, kisha hulifungua kiangazi kwa ajili ya mifugo. Utaratibu huo ulidhoofika katika karne ya 20, misitu ilipofyekwa ili kuangamiza mbung'o na kupata mashamba. Mwaka 1986 Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, uliozihusu pia wilaya ambazo sasa ni za Simiyu. Badala ya kutegemea miche pekee, mradi ulihimiza wananchi kurudisha ngitili na kuacha visiki vichipue vyenyewe. Hadi unamalizika mwaka 2004, zaidi ya hekta 300,000 zilikuwa zimerudi kuwa ngitili. Mwaka 2002 kazi hiyo ilipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa.

Ardhi isipofunikwa, madhara hufika mbali. Mvua hubeba udongo, mbolea na samadi hadi Ghuba ya Speke. Fosforasi na naitrojeni hurutubisha mwani. Mwani ukifa na kuoza, oksijeni hupungua majini na samaki hukosa hewa. Rutuba hiyo hiyo hustawisha magugu maji, mmea wa asili ya Amerika ya Kusini uliovamia Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980.

Maji kupanda mlima

Aprili 2017 Mfuko wa Kijani wa Tabianchi uliidhinisha fedha za mradi wa kupeleka maji ya Ziwa Victoria katika wilaya zote tano za Simiyu, kwa ushirikiano na Serikali ya Tanzania na Benki ya Maendeleo ya Ujerumani, KfW. Ugumu wake unatokana na umbo la nchi: mvuto wa dunia hushusha maji ziwani bure, bali kuyarudisha juu kunahitaji pampu na umeme, na kwa Meatu kunahitaji kuyatoa katika bonde moja na kuyapeleka hadi ukingo wa bonde lingine.

Kwa anayejiandaa na usaili wa mchujo au mtihani wa maarifa ya jumla, mkoa huu unatoa somo moja: takwimu za maziwa na mito hukaririwa kwa siku chache na kusahaulika, bali anayejua maji yanatoka wapi na yanakwenda wapi huweza kujibu hata swali ambalo hakulitarajia.