Kusoma Mila Ngeni Bila Kuhukumu: Riwaya ya Shujaa Okonkwo

Kila ninaposahihisha maswali kuhusu mila, hukutana na jibu kama hili: "Watu wa Umuofia walikuwa washenzi kwa sababu waliabudu miti." Jibu hili halipati alama. Mtahiniwa amehukumu kabla ya kueleza.

Shujaa Okonkwo ni tafsiri ya Clement Ndulute (1973) ya riwaya ya Chinua Achebe, Things Fall Apart (1958). Wahusika ni Waigbo wa Nijeria, na huenda mila zao ni ngeni kwako. Fuata hatua hizi tatu.

1. Eleza ulichokiona. Katika Wiki ya Amani, Okonkwo anampiga Ojiugo, mke wake mdogo. Kuhani wa Ani, mungu wa kike wa ardhi, anamtoza mbuzi jike, kuku, kitambaa na kauri mia moja. Ishia hapo. Usitumie maneno kama "ujinga" au "ushirikina".

2. Tafuta maana yake kwa wenyeji. Jiulize: mila hii inalinda nini? Wiki hiyo hutangulia upanzi. Waliamini kuwa Ani akitukanwa, ardhi ingekataa kuzaa na ukoo wote ungeangamia. Kosa la mtu mmoja lilihatarisha chakula cha wote. Fikiria kwenu pia: mgeni akiwakuta wazee wakijadili mahari, anaweza kuandika kwamba mnauza binti. Wewe unajua kuna mengi zaidi ya hayo.

3. Ndipo utathmini, kwa ushahidi wa kitabu. Kutohukumu upesi si kukubali kila jambo. Watoto pacha walitupwa msituni wafe, na huwezi kulipamba jambo hilo. Lakini tazama ni nani anayelitilia shaka. Obierika anawakumbuka pacha wake mwenyewe na kujiuliza walikosa nini. Nwoye anasikia vilio vyao na moyo wake unashtuka. Jamii hii ina wakosoaji wake wa ndani. Tumia sauti zao kabla ya kuleta yako.

Sasa walinganishe wageni watatu. Bwana Brown, mmishenari, anazungumza na Akunna kuhusu Mungu. Hakuna anayemgeuza mwenzake, lakini Brown anaielewa imani ya wenyeji. Bwana Smith anayemfuata huona kila kitu kuwa cheupe au cheusi. Ghasia zinazuka na kanisa linateketezwa. Mkuu wa Wilaya, akitoka kuiona maiti ya Okonkwo, anawaza kumtengea aya moja tu katika kitabu chake.

Wewe umeyasoma maisha ya Okonkwo tangu ujana wake. Ukiandika "washenzi" na kuweka nukta, umempa nafasi ndogo kuliko hata aya ya Mkuu huyo.

Swali la mazoezi
"Mila zilizoijenga Umuofia ndizo zilizoibomoa." Jadili. (alama 20)